Mji Unahitaji Pindo

Wiki hii mhariri ametuuliza kama vitambaa vya michoro mikubwa na rangi kali vinafaa kupamba nyumba na kuvaliwa siku za kawaida, au kama mtu mwenye busara hubaki na rangi tulivu na kuyaacha maua makubwa yawe ya harusini. Mimi nashona nguo na mapazia mjini Tanga, huu ni mwaka wa 23 sasa, na swali hilo huletwa kwenye meza yangu karibu kila juma, mara nyingi na mteja ambaye tayari amekishika kitambaa anachokipenda na anatafuta mtu wa kumruhusu. Mimi humruhusu. Hata hivyo, kabla sijagusa mkasi humwomba anionyeshe pindo la kitambaa chake litakuwa wapi, na hapo ndipo mazungumzo yetu yanapoanza hasa.

Nasema pindo kwa sababu ni kanga iliyonifundisha kazi hii. Kanga ni kipande cha pamba chenye urefu wa takribani sentimita 150 na upana wa takribani sentimita 110, huuzwa kwa doti, na kina sehemu tatu zinazojulikana na kila mwanamke wa pwani: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa upande wa chini wa mji. Michoro yake haina woga hata kidogo. Utakuta korosho kubwa kuliko kiganja, utakuta nanasi moja limetawala mji mzima, utakuta nyekundu imekaa juu ya manjano bila chochote cha kuzitenganisha, na bado jicho halichoki, kwa kuwa pindo limeuzunguka mji kama ukuta wa ua unavyoizunguka nyumba, na jicho likifika pale hujua kwamba limefika mwisho na linaweza kurudi. Waliozibuni kanga za mwanzo walilijua jambo ambalo wengi wetu tunalisahau tunapoingia dukani: nguvu ya mchoro hutegemea mahali unapokomea.

Kitenge, kwa upande wake, hakina pindo la namna hiyo. Asili yake ni batiki ya Java, ambayo viwanda vya Uholanzi na Uingereza viliiga kwa mashine katika karne ya 19, na kitambaa chenyewe hutoka kikiwa gora refu ambalo mchoro wake unaendelea na kuendelea, kwa hiyo ukinunua yadi sita umenunua mto unaotiririka, na ni kazi yako au ya fundi wako kuupa kingo. Karibu kila lawama niliyowahi kuisikia dhidi ya michoro mikubwa, kwamba inachosha, kwamba inabana chumba, kwamba inamfanya mtu aonekane mnene, ukiichunguza utakuta ni lawama ya kitambaa kisichopewa kingo.

Nina mfano ambao sijausahau. Mteja mmoja aliyepanga chumba cha futi kumi kwa kumi aliniletea kitenge chenye duara kubwa za rangi ya chungwa na bluu, akaagiza nimshonee pazia la dirisha, pazia la kugawa chumba kati ya kitanda na makochi, shuka ya juu, foronya na vitambaa vya makochi, vyote kwa kitenge hichohicho. Nilimshonea kama alivyotaka, na nilikosea kwa kutomwambia nilichokuwa nakiona. Baada ya miezi miwili alirudi akasema kwamba akitoka kazini na kuingia ndani anahisi kama mtu anayesemeshwa na watu kumi kwa pamoja. Hatukukitupa kitambaa. Tuliliacha pazia la kugawa chumba likiwa zima, kwa maana ndilo lililostahili kutazamwa, kisha kitanda tukakipa shuka nyeupe ya pamba na kuizungushia ukanda wa kitenge wenye upana wa shubiri moja, na kwenye makochi tukaweka kitambaa cha bluu kavu isiyo na mchoro iliyolingana na bluu ya zile duara. Duara hazikupungua ukubwa hata kidogo, lakini chumba kilipumua, na shuka ile nyeupe yenye ukanda wake ilikuwa imegeuka kanga bila sisi kukusudia.

Wanaodhani kwamba hii ni kanuni ya mafundi cherehani tu wazitazame nyumba za zamani za Lamu. Upana wa vyumba vyake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba, na kwa hesabu za leo vingehukumiwa kuwa havistahimili mapambo mazito. Wenye nyumba hizo hawakuyaogopa. Katika karne ya 18 walichonga zidaka za chokaa, yaani vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, safu juu ya safu, zikajaza ukuta mzima wa chumba cha ndani, wakapanga humo vyombo vya kaure, na kuta nyingine wakaziacha na weupe wake. Milango ya Unguja nayo husema hayohayo kwa lugha ya mbao: maua na majani yaliyochongwa kwa kina, na fremu yenye nakshi inayofuatana kama mnyororo kuyazunguka, halafu pembeni ukuta mtupu uliopakwa chokaa. Mlango ule ungewekwa kwenye ukuta uliochongwa wote, nani angeuona?

Kuhusu mapazia napenda nikae kidogo, kwa sababu ndiko fedha nyingi hupotea. Mchoro mkubwa hujirudia kila baada ya umbali fulani, na umbali huo lazima upimwe kabla ya kununua. Tuchukue dirisha ambalo pazia lake linahitaji urefu wa sentimita 220 pamoja na upindo, na kitambaa ambacho ua lake hurudi kila baada ya sentimita 64. Ukitaka maua yalingane kutoka kipande hadi kipande, huwezi kukata 220, bali utakata marudio manne kamili, yaani sentimita 256. Kwa vipande vinne hiyo ni nyongeza ya sentimita 144, zaidi kidogo ya yadi moja na nusu, na mteja asiyeambiwa mapema huamini kwamba fundi amekula kitambaa chake. Mabaki yale, kwa bahati nzuri, hutosha foronya za mito ya makochi. Jambo la pili ni mikunjo. Pazia lisilo na mchoro hupendeza likishonwa kwa upana mara mbili ya dirisha ili likunjamane vizuri, ilhali pazia lenye ua la ukubwa wa sinia likishonwa hivyo humeza ua lake lote kwenye mikunjo, na unabaki na vipande vya rangi visivyoeleweka. Kwa michoro ya namna hiyo nashona upana mara moja na nusu tu, na wakati mwingine nashauri kitambaa kining'inizwe kikiwa wazi kabisa, kama kanga iliyoanikwa kwenye kamba. Pazia la kitenge pia nalitia bitana nyeupe kwa nyuma, kwani jua la pwani hula rangi, na huanza na ile rangi uliyoipenda zaidi.

Anayepamba kwa kanga ana jambo jingine la kuangalia, nalo ni jina. Kanga inasema, na mgeni anayeketi sebuleni atasoma. Nimewahi kuona sebule nzuri sana ambayo ukuta wake ulipambwa kwa kanga nyekundu na nyeusi yenye maneno "Hasidi hana sababu", ikiwa imetundikwa mkabala na kiti cha wageni. Mwenye nyumba aliinunua kwa ajili ya rangi zake, lakini mawifi zake walikaa pale jioni nzima wakijiuliza ni nani kati yao aliyekusudiwa. "Mgeni njoo, mwenyeji apone" ingefanya kazi ileile ya rangi na kuwakaribisha pia. Ninaposhona mito kwa kanga siukati mstari wa jina katikati, kwa sababu maneno yaliyokatwa huacha maana isiyo kamili, na wakati mwingine huacha maana mbaya. Heri mstari wote ukae chini ya mto au uondolewe wote.

Sasa nije kwenye mavazi. Watu wengi wameaminishwa kwamba mwanamke mfupi au mnene asivae maua makubwa. Sikubaliani, na nimewavalisha wengi wa hao wakapendeza. Kinachoamua ni mahali ua linapoangukia. Duara mbili kubwa zikitua kifuani, moja kila upande, zitamwaibisha hata aliye mwembamba kama mwanzi, ilhali duara hilohilo likishushwa upande mmoja wa sketi, chini ya nyonga, huipa gauni mwendo. Mwanzoni mwa kazi yangu mwalimu mmoja aliniletea yadi sita za kitenge chenye tausi, nami nikakikunja na kukata haraka bila kukitandaza sakafuni, na gauni lilipoisha kichwa cha tausi kilikuwa kwapani na mkia wake ulikuwa umekatwa na mshono wa kiuno. Nilimlipa kitambaa chake. Tangu siku hiyo hutandaza kitambaa chote, huweka alama ya chaki katikati ya kila mchoro mkubwa, na huamua kwanza kifua na mgongo vitabeba nini ndipo nifikirie mikono na kola.

Mshono wenyewe nao unyamaze pale kitambaa kinaposema. Gauni la kitenge chenye mchoro mkubwa likijazwa marinda, vipande vya kuungaunga, mikono ya puto na vifungo vya dhahabu, huwa kama baraza ambamo kila mtu anazungumza na hakuna anayesikilizwa. Mishono michache, mistari iliyonyooka, na kisha pindo: ukanda wa rangi moja shingoni, mwisho wa mikono na chini ya gauni. Rangi ya ukanda huo siitoi kichwani, naitafuta ndani ya mchoro, na aghalabu nachagua ile iliyojitokeza kidogo kuliko zote. Dera, ambalo ni pana na halina kiuno, hubeba mchoro mkubwa kwa urahisi kuliko vazi jingine lolote tulilo nalo, na nadhani hiyo ni sehemu ya sababu limependwa hivi. Ukitaka kuchanganya vitambaa viwili vyenye michoro, kimoja kiwe na mchoro mkubwa na kingine mdogo au wa mistari, na viwe na rangi moja inayofanana. Kikoi chenye mistari myembamba ya kijani huenda vizuri sana na kitenge chenye majani makubwa ya kijani hichohicho.

Kuna msomaji mwenzangu ambaye wiki iliyopita aliandika kwamba rangi kali ni dalili ya ushamba, na kwamba mtu aliyestaarabika hujulikana kwa kijivu na rangi ya maziwa. Naomba nimjibu kwa heshima. Katika Zanzibar ya karne ya 19 nguo isiyo na rangi ilikuwa na maana iliyojulikana na kila mtu. Watumwa walivaa merikani, pamba isiyopaushwa iliyopata jina lake kutokana na kuletwa na wafanyabiashara wa Marekani, na wanawake walivaa kaniki iliyotiwa nili hadi ikawa karibu nyeusi. Utumwa ulipofutwa kisheria visiwani mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliiacha kaniki wakavaa kanga za rangi na maua, na mchoro ule mwilini ulitangaza kwamba aliyeuvaa ni mtu huru anayejichagulia. Rangi ya maziwa ni nzuri, nami naishona kila siku, lakini siwezi kukubali kwamba waliokataa kaniki walikuwa washamba.

Kwa anayetaka kuanza na ana hofu, asianze na pazia wala gauni. Anunue doti moja ya kanga anayoipenda kwa dhati, aifue kwanza, kwa kuwa pamba mpya hunywea na rangi nyingine hutoka maji ya mwanzo, kisha atundike kipande kimoja ukutani na kukiacha kwa juma zima. Akitazame asubuhi, na akitazame pia usiku chini ya taa, kwa maana taa yenye mwanga wa manjano hubadilisha bluu ikafanana na kijani na huichangamsha nyekundu. Mteja wangu wa jana aliondoka na kitenge chake cha zambarau bila kukatwa kwa sababu hiyohiyo. Tulikubaliana akitundike sebuleni hadi Jumamosi, na mimi nimemkatia vipande vitatu vya pamba, cheusi, cheupe na cha manjano, avishike kimoja kimoja kando ya kitambaa usiku, achague ni kipi kitakuwa pindo.