Simu za kuzungusha: igeuze kabla hujauliza bei

Wauzaji wa mitumba wakiniona nimeshika simu kichwa chini, hudhani natafuta nyufa. Natafuta tarehe. Wewe unayeanza kukusanya simu za kuzungusha namba, ukilishika hili moja umeokoa pesa nyingi: sura ya simu inampendeza kila mtu, na muuzaji anapiga bei kwa sura. Thamani iko chini na ndani, ambako mara nyingi hajawahi kuangalia.

Chukua Western Electric 500, simu ya mezani ya Marekani iliyobuniwa na Henry Dreyfuss na kuanza kutoka mwaka 1949. Huenda huijui kwa jina, lakini mtu akiambiwa achore simu ya zamani, mara nyingi huchora hiyo. Chini yake imepigwa namba ya modeli, mwezi na mwaka. Ukilegeza skrubu mbili za chini, ganda linatoka, na ndani utakuta tarehe nyingine kwenye kengele na kwenye kisahani, yaani lile gurudumu la namba. Fungua na vifuniko viwili vya mkonga, yaani kile unachoshika sikioni, tarehe zipo humo pia. Zikipishana kwa miezi michache tu, simu imebaki kama ilivyotoka kiwandani. Zikipishana kwa miaka kumi, imepita karakana.

Na nyingi zimepita, kwa sababu watumiaji hawakuwa wamezinunua. Zilikuwa mali ya kampuni ya simu, mteja analipia kila mwezi. Simu ikirudishwa, inasafishwa, inawekewa vipuri vya nyingine, inakwenda kwa mteja mpya. Uingereza, enzi simu zikiwa chini ya Posta, mambo yalikwenda hivyo hivyo. Simu ya mchanganyiko si mbovu, ninazo na ninazipenda, ila usiilipie bei ya simu iliyokamilika.

Baada ya tarehe, kisahani. Zungusha sifuri hadi mwisho, uachie. Kisahani kizima hutuma mipigo (ishara fupi za umeme zinazohesabu namba) kumi kwa sekunde, na kwenye mifumo mingi sifuri ndiyo mipigo kumi, kwa hiyo kinatakiwa kurudi kwa sekunde moja na kidogo, kwa mlio wa mfululizo usiopanda wala kushuka. Kikijikokota au kikisita katikati, mara nyingi ni grisi iliyoganda. Hapo ndipo bei inaposhuka, maana muuzaji anaona simu mbovu na wewe unaona usafi wa jioni moja. Usikisukume kwa kidole kirudi haraka, na tafadhali usikimwagie mafuta ya kupikia. Nimewahi kufungua kisahani kilichofanyiwa hivyo. Kilikuwa kimegeuka gundi.

Kuhusu ganda, kila kitu cheusi siku hizi kinaitwa bakelaiti. Bakelaiti ni plastiki aliyoibuni Leo Baekeland mwaka 1907. Ni nzito, ngumu, na ikidondoka inapasuka. Sugua sehemu moja kwa kidole gumba mpaka ipate joto, kisha nusa: inatoa harufu kali kama ya dawa ya kuua vijidudu. Bakelaiti kwa kawaida ni nyeusi au kahawia. Simu za Kiingereza za miaka ya 1930 zenye rangi ya krimu, nyekundu au kijani zilitengenezwa kwa plastiki nyingine, na kwa kuwa nyeusi ndizo zilizokuwa nyingi, hizo za rangi ndizo zinazogombewa. Ukikutana na muuzaji anayeuza simu ya krimu bei sawa na nyeusi, nyamaza, lipa.

Weusi wenyewe hauna maana ya uadimu. Simu nyeusi za modeli ya 500 zilitengenezwa kwa mamilioni, na neno "adimu" kwenye tangazo lake ni mapambo tu. Kaka yake mkubwa, Western Electric 302 ya mwaka 1937, anahitaji jicho zaidi, kwa sababu za mwanzo ganda lake ni la chuma cha zinki na za baadaye ni la plastiki, na kwenye picha zinafanana. Gonga kwa ukucha au weka kiganja: ya chuma ni baridi. Ericofon ya Sweden haihitaji kipimo chochote, imesimama kama nyoka aliyeinua kichwa na kisahani kiko chini ya kitako chake. Muuzaji asiyejua huitangaza kama simu iliyong'oka kisahani, na sitakuwa mimi wa kumsahihisha.

Halafu kuna bandia. Dukani simu ya "kizamani" mpya ni nyepesi, na ukitazama matundu ya kisahani unakuta ni vitufe vya kubonyeza. Hiyo ni rahisi kuijua. Ngumu ni ile yenye ganda jipya na vipuri vya zamani ndani, na hapo tunarudi kulekule, kwenye tarehe na mikwaruzo ya chini. Simu iliyokaa mezani miaka arobaini haiwezi kuwa na kitako kisichochubuka.

Sasa bei nafuu zinapatikana wapi? Kwa mtu asiyejua jina la anachouza. Anayeandika "Western Electric 302" ameshasoma, na bei yake imesoma pamoja naye. Tafuta "simu ya zamani", "simu ya mapambo", tafuta kwa majina yaliyokosewa herufi. Penda sana neno "haijajaribiwa". Wengine wanaliogopa, lakini mara nyingi maana yake ni kwamba muuzaji hana laini ya kuijaribia. Omba picha ya chini, ya ncha zote mbili za mkonga na ya mwisho wa waya. Waya wa ukutani ukiwa umekatwa ni jambo dogo. Waya wa mkonga ukikatika, hasa ule uliovikwa kitambaa, ni shughuli: wa asili ni tabu kuupata, na mpya unaonekana mpya. Boksi la simu mbovu zinazouzwa kwa mkupuo usilipite; vipaza sauti na visahani vilivyomo humo vitafufua nyingine. Katika kupatana bei siiponde simu ya mtu. Nachukua mbili, naomba punguzo la mbili.

Sauti ikiwa hafifu upande wa pili, usikimbilie kipuri. Kipaza sauti cha simu hizi kina chembe za kaboni zinazoshikamana zikikaa muda mrefu. Gonga mkonga taratibu kwenye kiganja, ujaribu tena.

Ukitaka ipige kweli, kisanduku kinachogeuza intaneti kuwa laini ya simu kinafanya kazi, mradi kinaelewa mipigo. Vingi vinaelewa toni za vitufe tu, na hapo unaweka kigeuzi katikati. Angalia pia kisahani kinatoka wapi. Cha Sweden kinaanza na sifuri, na sifuri yake ni mpigo mmoja. Cha New Zealand kimepangwa kinyume, moja yake ni mipigo tisa. Ukikichomeka bila kujua, utampigia mtu usiyemfahamu. Kengele isipolia, huenda nyaya zake ziliunganishwa kwa ajili ya laini ya kuchangia na majirani, au kisanduku hakina nguvu ya kuisukuma. Si lazima iwe imekufa. Chomoa plagi kabla ya kugusa nyaya, kwa sababu simu inapoita kunapita takriban volti 90. Na ukipiga kwa kampuni ikakwambia "bonyeza moja", basi, subiri mhudumu.

Kusafisha: maji ya uvuguvugu kidogo, sabuni laini, kitambaa. Usiloweke bakelaiti, na jiki weka mbali.

La usafirishaji ndilo linaloumiza. Simu nyingi hupasukia njiani, na mvunjaji mara nyingi ni mkonga wake mwenyewe, ulioachwa juu ya ganda ukawa nyundo. Mwambie muuzaji kabla hujalipa: mkonga ufungwe peke yake, kitu laini kiwekwe kati yake na ganda, boksi lisibaki na nafasi ya simu kucheza. Anayekataa kuchukua dakika tano za kufunga, mwachie simu yake.