Sauti hiyo naijua: barua kwa binti yangu mpiga nyatiti, kinubi cha Kijaluo

Nakuru, Jumapili usiku

Mama,

Ujumbe wako nimeusoma mara nne. Mara ya kwanza nilikuwa kwenye cherehani, sare za shule zimejaa hadi juu ya benchi, nikasema nitakujibu jioni. Jioni ikawa wiki. Si kwamba nilikosa jibu. Jibu nililokuwa nalo sikulipenda.

Acha kwanza nirudie ulivyoniambia, ujue kama nimekuelewa. Kwenye ile harusi ya Dunga, huko Kisumu, wimbo wa pili ukiwa umekolea, macho yako yalimwangukia mzee mmoja wa meza ya mbele aliyekunja mikono, na kichwani ukasikia: "Wewe ni nani ushike nyatiti?" Vidole vikaendelea vyenyewe kidogo, kisha vikapotea. Ukanyamaza katikati ya wimbo, na watu wakakupigia makofi ya kukuhurumia. Sasa mwezi ujao unapiga tena, Kisumu hiyo hiyo, na usingizi hauji. Unauliza mimi nilipokuwa nikipiga besi kwenye bendi hapa Nakuru niliinyamazisha vipi sauti ya namna hiyo.

Sikuinyamazisha. Nilipiga miaka 11, kila Ijumaa na Jumamosi, na hakuna usiku hata mmoja niliopanda jukwaani bila hiyo sauti. Mwenzetu wa ngoma aliizima kwa bia. Chupa mbili alikuwa mpigaji hodari kuliko sisi sote, ya tatu akawa anapiga wimbo wake na sisi tunapiga wetu. Mwishowe tulimwacha, na hadi leo naona aibu kwa jinsi tulivyomwacha, lakini hiyo ni barua nyingine.

Mikono kuwa baridi na mdomo kukauka kusikutishe. Ukishtuka, mwili unamwaga adrenalini, moyo unakimbia na damu inapelekwa kwenye misuli mikubwa kana kwamba unafukuzwa na fahali. Vidole ndivyo vinavyopunjwa. Moyo huo huo unakudunda vile vile Gor wakipewa penalti, na sijawahi kukusikia ukiita hiyo ugonjwa. Kwa hiyo fika mapema, chovya mikono kwenye maji ya vuguvugu, piga polepole nyuma ya pazia mpaka vidole viamke. Na ile dawa rafiki yako aliyokuambia wanamuziki wa ng'ambo wanameza, propranolol, ni kweli wanaimeza, ni dawa ya presha na moyo. Usiiguse. Wewe ulikuwa na pumu, na dawa hiyo inaweza kumbana pumzi mwenye pumu. Mama yako amesema niiandike hii kwa herufi kubwa. Nimekataa, lakini ujue amesema.

Sasa besi. Usiku mmoja aliingia ukumbini mpiga besi wa bendi kubwa kutoka Kisumu, mtu niliyekuwa nikimwiga kwenye santuri tangu nikiwa kijana. Alikaa karibu na spika. Nikaanza kujisikia kwa masikio yake: hapa ataona nimerahisisha, hapa atacheka. Unajua benga, muziki wetu wa magitaa, ilivyo, besi haina pa kujificha, inaruka ruka na ngoma kubwa inaifuata kila pigo. Nilipoteza njia katikati ya mahali pa kupandia, pale waimbaji wananyamaza na solo inachukua nafasi. Kiongozi wetu aligeuka akanitazama, na macho yake yakanimaliza kabisa.

Kilichonirudisha kilikuwa kitu kidogo mno. Mguu wangu wa kulia. Mimi ni fundi cherehani, mguu wangu umezoea kukanyaga bila kuambiwa, na usiku ule ulikuwa bado unakanyaga sawasawa na ngoma wakati kichwa kimeshakwenda zake kwa yule bwana karibu na spika. Nikauona. Nikaanza kuusikiliza huo tu, kisha ngoma, kisha nikatia noti moja pale ngoma ilipoanguka. Moja tu. Ya pili ikaja yenyewe.

Nimefikiria sana kwa nini ilikuwa hivyo. Ile sauti hufanya kazi kwa maneno. Inakurudisha kwenye ulichokosea dakika iliyopita, inakupeleka kwa watu watakachosema kesho. Ukiijibu kwa maneno, "hapana, mimi naweza," umeshaanza kubishana, na mtu hawezi kubishana huku anapiga nyatiti. Lakini ukiyapa masikio kazi nyingine, yasikilize jinsi uzi mnene unavyokufa polepole kuliko mwembamba, sauti itaendelea kusema na wewe hutakuwepo kuisikia.

Na wewe una bahati ambayo mimi sikuwa nayo. Chombo chako kimeshikwa na mwili mzima. Umeketi chini kwenye kigoda, njuga ziko mguuni, pete ya chuma iko kwenye kidole gumba cha mguu inagonga mbao ya nyatiti. Nyuzi nane na mguu mmoja. Ukipotea, acha nyuzi. Acha kabisa, lakini mguu usisimame. Hakuna msikilizaji atakayejua kama umepotea au umeamua kuwaachia mdundo wacheze. Uliponitumia ile video ya Dunga nilitazama mguu wako, si vidole. Ulisimama kabla ya vidole. Sijui kama uliligundua hilo.

Kuna jambo jingine kuhusu kunyamaza, naona mjini mmelisahau. Babu yako alipiga nyatiti kwenye matanga kule Alego tangu jua likizama hadi alfajiri, na hakumaliza wimbo hata mmoja bila kukatizwa. Mtu anasimama, anatupa pesa, anasema ngoja, kisha anajisifu, anasifu ukoo wake, anasifu shemeji yake, ndiyo pakruok yenyewe. Muziki unanyamaza. Akimaliza, mzee anaanza tena popote anapotaka. Mara ishirini usiku mmoja! Wewe umekatizwa mara moja na kichwa chako, ukadhani wimbo umekufa. Mwambie yule mnayekaa naye nyumba moja akukatize. Ukiwa unafanya mazoezi aje akusimamishe ghafla, akuulize bei ya omena, kisha uanze tena bila kurudi mwanzo. Na usifanye mazoezi ukiwa umetulia tu. Panda ngazi mbio hadi ghorofa ya tatu, ketini papo hapo, wewe na moyo wako unaogonga, upige. Siku ya tamasha mwili utakuwa mahali unapopajua.

Shaka isiyo ya jukwaani usiifukuze yote. Ikikuambia wiki mbili kabla kwamba mpito wa wimbo wa tatu haujakaa sawa, inasema kweli, kaa na huo mpito. Ikija siku yenyewe umechelewa kuisikiliza.

Nilitaka kuishia hapo. Mama yako akaisoma, akaniuliza, "Na ile nyingine?" Anajua. Ndiyo hilo jibu nisilolipenda.

Ulikuwa na miaka 12. Tulikwenda nyumbani Disemba, ukaichukua nyatiti ya babu yako ukutani, ukaketi nayo kama ulivyomwona akiketi. Nami mbele ya wajomba zako nikasema, "Weka hiyo chini, nyatiti haikuumbiwa wasichana, unafikiri wewe ni nani?" Walicheka. Uliiweka chini. Hukuishika tena mpaka ulipohama nyumba yangu.

Nilipofika kwenye ujumbe wako, mahali ulipoandika "Wewe ni nani ushike nyatiti," nilizima cherehani. Mama, yule mzee wa Dunga huenda alikuwa amekunja mikono kwa sababu ya upepo wa ziwa. Sauti uliyoisikia haikuwa yake. Ilikuwa yangu.

Nilisema kile ambacho mimi pia niliambiwa, na nilikisema kwa sababu babu yako alikuwa amejaribu kunifundisha miaka mingi na sikuiweza nyatiti, nikakimbilia gitaa. Kukuona umeiketia vizuri kuliko mimi, mtoto wa miaka 12, kulinichoma. Leo kuna mwanamke kutoka Japani, wanamwita Anyango, alikuja kujifunza kwetu huku na amezunguka nchi nyingi na nyatiti yake. Nilimwona kwenye televisheni nikapiga makofi, nikiwa kwenye kiti kile kile ninachokalia sasa. Mgeni nilimpigia makofi. Wewe nilikuambia uweke chini.

Naifuta kauli hiyo. Najua haifutiki kichwani kwako kwa sababu mimi nimeifuta kwenye karatasi, na ndiyo maana nimekuandikia habari za mguu kabla ya hii. Ila ikija tena utakuwa unajua ni ya nani, na kwamba mwenyewe ameshaikana.

Nimekutumia mzigo kwa basi la kesho asubuhi, uko kwa jina la mama yako, chukua na kitambulisho. Ndani kuna unga wa wimbi, soksi ulizosahau, na pete ya mguu ya babu yako. Ni kubwa kwako. Usimpe fundi aigonge kuipunguza, itabadilika mlio. Izungushie uzi wa pamba kwa ndani, mizunguko sita au saba, na uufunge kwa upande wa chini usikukwaruze. Uzi nimeuweka, ule mweusi, uko ndani ya soksi ya kushoto.

Baba yako