Maswali ya wasomaji: Kikapu cha Nansio kinaweza kufika mbele ya majaji wa dunia?

Toka tugusie toleo lililopita kwamba kuna maonyesho na tuzo ambazo fundi wa kazi za mikono anaomba mwenyewe, majaji wanachuja, waliopita wanaonyeshwa, simu haijapumzika. Wasusi, wafinyanzi, watu wa ngozi, wachongaji, kila mtu anauliza na wengi mnaogopa kujaribu. Nimechukua meseji tano, nimezifupisha kidogo tu.

"Shikamoo anti. Mimi ni mama wa watoto wanne niko Ukerewe, nasuka vikapu na mikeka ya ukindu toka nikiwa binti, nauza hapa Nansio na vingine nampa mtu anavuka navyo na meli kwenda kuuza Mwanza mjini. Mwaka jana mzungu mmoja alinunua kikapu changu akasema hiki ungekipeleka kwenye mashindano. Sijui mashindano gani. Mimi nimeishia la saba na kizungu sijui. Kweli mtu kama mimi anaweza?" — Msusi, Nansio

Marahaba mama. Anaweza, na sikwambii hivi kukupa moyo tu. Kuna tuzo inaitwa Loewe Foundation Craft Prize, ya taasisi ya Hispania, ilianzishwa 2016, mshindi wa kwanza anapata euro 50,000. Mwaka 2022 waliomba watu zaidi ya 3,000 kutoka dunia nzima, wakachujwa wakabaki 30, na aliyeshinda ni dada wa Korea Kusini anaitwa Dahye Jeong. Alishinda na nini? Kikapu. Kikapu kilichosukwa kwa nywele za farasi, chepesi mpaka unaona upande wa pili, na ufundi wenyewe ni ule wazee wa kwao walikuwa wanasukia kofia miaka mia tano nyuma. Yaani alichukua kitu cha bibi na babu ambacho watu walishaanza kukisahau akakifanya kiseme kitu kipya. Na mwaka huohuo Andile Dyalvane wa Afrika Kusini, mfinyanzi, alitajwa na majaji kwa heshima ya pekee. Kwahiyo Afrika tumo.

Masharti yao hayana habari ya cheti cha shule. Uwe umefikisha miaka 18, kazi uwe umeitengeneza wewe kwa mkono hata kama kuna sehemu kidogo umetumia mashine, iwe ya ndani ya miaka mitano iliyopita, iwe moja tu haina pacha, na isiwe imeshawahi kushinda tuzo nyingine. Kuomba ni bure, unajaza kwenye mtandao, na hata kikundi kinaruhusiwa. Dirisha huwa linafungwa mwezi wa kumi hivi, ila tarehe zinabadilika kwahiyo kila mwaka angalia kwenye tovuti yao wenyewe usisikilize ya kwenye magrupu.

Sasa mama hapa nataka tuelewane vizuri kwasababu ndipo wengi mnapokwama. Kile kikapu unachouza Nansio sicho cha kupeleka. Sio kwamba kibaya, kizuri sana, lakini umekisuka mara mia na mkono unakimaliza wenyewe huku unaongea na jirani, na mteja anataka kiwe sawa na cha jana ili nyanya ziingie. Jaji anatafuta kile ambacho ulikisuka ukawa hujui kitaishaje. Labda kuna nakshi mama yako alikuwa anaweka ukingoni na siku hizi hamna anayeiweka kwasababu inakula muda na mteja haongezi hata mia tano. Labda kuna siku ulijaribu kusuka mdomo ukabana sana ukasema hiki hakitauzika ukakifumua. Hicho ulichokifumua, rudi nacho. Tenga ukindu mzuri pembeni, usiuchanganye na wa oda, usuke nusu saa nusu saa jioni watoto wakishalala, hata kikichukua miezi minne sawa tu. Najua miezi minne ya kitu kisichouzwa ni mzigo kwa nyumba yenye watoto wanne, ndio maana nasema nusu saa, sijasema uache biashara.

Kizungu kisikutishe. Maelezo andika kwa Kiswahili kwanza, kama unavyomwelezea mtu, halafu mtafute mwalimu wa sekondari hapo Nansio akutafsirie bila kuongeza madoido. Usiandike "kikapu kizuri cha asili ya Kiafrika kinafaa kwa matunda". Andika ukindu umeukata wapi na mwezi gani, umeuchana upana gani, rangi umechemsha na nini, ile nakshi nani alikufundisha na wewe umeibadilisha wapi. Hivyo vitu hamna mtu mwingine duniani anaweza kuviandika.

Na kama mko kikundi na mnataka kuuza, kuna soko la kimataifa la sanaa za jadi mji wa Santa Fe, Marekani, International Folk Art Market, lipo toka 2004 na hufanyika mwezi wa saba. Huko nako unaomba na majaji wanachuja, ila ukipita unakwenda kuuza mwenyewe mezani. Vikundi vya wasusi wa Rwanda na Eswatini vimeshafika.

"Mambo anti. Nipo Igoma natengeneza waleti, mikanda na mikoba ya ngozi ya sangara. Juzi nimepata imeili kutoka jumba la maonyesho Ulaya wanasema wameona kazi zangu Instagram na jopo lao limenichagua, ila nilipie euro 1,800 za nafasi ukutani na katalogi, nusu ndani ya siku kumi. Nina pikipiki naweza kuuza. Nifanyeje?" — Fundi wa sangara, Igoma

Usiuze pikipiki mdogo wangu. Tafadhali.

Hujaomba, jopo limekuchaguaje? Maonyesho yenye majaji wa kweli yanatangaza mwito, yana masharti yaliyoandikwa, yana tarehe ya mwisho, yana majina ya majaji ambao ukiwatafuta unawakuta wana kazi zao zinajulikana, na wewe ndio unayewafuata wao. Hawa wanakufuata wewe, wanakusifia, halafu wanakupa siku kumi ili usipate muda wa kumuuliza mtu. Pesa yao inatoka kwenye mfuko wako, sio kwa wanunuzi, kwahiyo hata kazi yako isipotazamwa na mtu wao wameshapata faida.

Nilishapitia hili, na bado linaniuma. Nilikuwa natengeneza batiki, jumba moja la nje likaniandikia hivyohivyo, nikakopa kwenye kikoba nikalipa, nikatuma vitambaa sita. Nilichopata ni cheti cha kuprinti mwenyewe na picha moja ya batiki yangu imetundikwa nyuma ya mlango. Nikaomba warudishe, wakataka pesa ya usafiri kubwa kuliko bei ya vitambaa vyenyewe. Kikoba nimelipa mwaka mzima na batiki zangu sijaziona tena mpaka leo.

Sasa usichanganye na ada ya kuomba. Maonyesho mengi ya majaji Marekani yanachukua ada ndogo unapotuma picha, mara nyingi dola 30 mpaka 50 hivi, hiyo ni kawaida yao, ingawa mimi nashauri uanze na zile za bure. Kinachotakiwa kukushtua ni pesa kubwa inayodaiwa BAADA ya kuambiwa umechaguliwa.

Halafu nikwambie kitu kuhusu kazi yako. Nimeziona picha ulizotuma. Sangara huyu aliletwa ziwani miaka ya 50 na 60, amekula furu, wale samaki wadogo wa ziwani, amejenga viwanda, minofu inapanda ndege, na ngozi inabaki kama takataka. Wewe unaiokota unaifanya mkoba, na yale magamba yanaacha alama hakuna ng'ombe anazo. Lakini umeipaka rangi nyeusi na kuipigia pasi mpaka inafanana na ngozi ya dukani! Kwanini unaificha? Tengeneza kitu kimoja ambacho mtu akikiona anajua huyu ni samaki, tena samaki mkubwa, na shona kwa mkono mishono ionekane. Hicho ndio cha kutuma.

"Habari, mimi mchongaji wa mpingo, nikipita mchujo wa nje naweza kusafirisha kinyago au nitakamatwa?" — Mchongaji, Mabatini

Jibu fupi kaka. Toka Januari 2017 mpingo pamoja na karibu ndugu zake wote wa jamii ya Dalbergia wako kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, maana yake biashara ya kuvuka mipaka inadhibitiwa, haijakatazwa. Mwaka 2019 wakalegeza, kazi iliyokamilika ikiwa na mpingo usiozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja haihitaji kibali cha CITES. Kwahiyo pima. Tunza risiti ya mbao, pita ofisi ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kabla hujafunga mzigo wakwambie kinachotakiwa siku hiyo, na usipambie kwa pembe, jino wala nyoya la mnyama wa porini hata kama uliokota, hapo ndipo watu wanaumia.

"Anti unatuambia Hispania na Marekani, hapa kwetu Mwanza hamna? Nafinyanga vyungu na vyetezo, nauli tu ya Dar inanishinda." — Mfinyanzi, Kisesa

Umesema kweli na nakubali, tuanzie nyumbani. Maonyesho yapo, Nanenane tunayo Nyamhongolo kila Agosti, Sabasaba ni Dar mwezi wa saba, na kuna yale ya Juakali na Nguvukazi ya Afrika Mashariki ambayo yanazunguka nchi hadi nchi toka 1999, mwaka 2021 yalikuja hapahapa Mwanza. Haya ni maonyesho ya biashara, mchujo wake sio wa sanaa, wanaangalia una bidhaa, umesajiliwa, unaweza kukaa bandani siku zote. Nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, ujiandikishe, maana nafasi nyingi za wajasiriamali wadogo zinapitia kwao, na mwone afisa utamaduni wa halmashauri akuelekeze usajili wa BASATA, baraza la sanaa la taifa, kwasababu siku ukialikwa nje utaulizwa wewe ni msanii kwa karatasi gani. Na Dar kuna Nafasi Art Space, ipo toka 2008, huwa wanatoa miito ya wasanii, wafuatilie mtandaoni kabla hujafikiria nauli.

Kinachonisikitisha ni kwamba kanda nzima hii ya ziwa, na wafinyanzi tulio nao, sijaona maonyesho ya kazi za mikono ambayo jopo linakaa, linashika chungu, linagonga kusikia mlio, na kusema hiki cha kwanza na sababu ni hizi. Wakati sisi kushindana tunakujua kuliko mtu yeyote! Wewe uko Kisesa, Bujora hapo jirani, kila Bulabo, ile sherehe ya ngoma za Wasukuma, unaona vikundi vya Bagika na Bagalu wanavyocheza siku hiyohiyo kila mmoja anavuta watu upande wake, na umati ulipoelekea ndio mshindi kapatikana. Mbona vyungu havina siku yake? Nimeshaanza kuulizia watu wenye ukumbi, na nyie wenye vikundi niandikieni mko wangapi.

Ila jua tofauti moja. Bulabo umati unaamua, ukiwa na kelele nyingi na nyoka mkononi unawavuta. Kwa majaji hamna umati. Ni watu watano sita kwenye skrini, wameshaangalia kazi mia mbili toka asubuhi, macho yamechoka.

"Nimeshaomba maonyesho mawili sijapita, rafiki yangu anasema picha zangu mbaya. Sina kamera nina simu ya kawaida tu. Nasuka magugumaji." — Ilemela

Rafiki yako anakupenda. Nimeziangalia, kikapu kimewekwa juu ya kochi lenye maua, kuna rimoti pembeni na mguu wa mtoto.

Jaji wa kwanza hashiki kazi yako, anashika picha, kwahiyo kwake picha ndio kikapu. Simu inatosha kabisa. Chukua shuka jeupe au la kijivu lisilo na maua, lipige pasi, litundike ukutani lishuke mpaka chini bila kukunja kona, weka kazi juu yake. Fanya barazani kivulini saa tatu asubuhi, sio juani, maana jua linatoboa yale matundu ya magugumaji unabaki na madoa meusi na meupe, na jioni mwanga wa ziwani unafanya kila kitu kiwe cha njano. Zima flashi. Shusha simu iwe usawa wa kikapu, usipige kutoka juu kama unapiga picha ya chakula. Piga nzima, piga ya ubavu, halafu sogea kabisa upige pale mkono wako ulipofanya kazi ngumu kuliko pote, ule ukingo wako wa kusokota mara tatu ambao kwenye picha ulizotuma haukuonekana hata kwenye moja! Majaji walikataa kitu ambacho hawakukiona.

Na msitume kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa inapoteza ubora, tuma kama dokumenti au kwa imeili. Mama wa Nansio hili nawe likuhusu, kikapu kikishaisha mwambie huyo mwalimu anitumie hivyohivyo kama dokumenti, hata kama ni usiku, nitakiangalia kabla hujajaza fomu.