Stelingi ikianza kuvuma, usikimbilie kununua pampu

Mafundi wengi wa mtaani wakisikia gari inavuma ukikata kona, jibu lao ni moja: "Bosi, pampu imekufa." Wakati mwingine ni kweli. Lakini kwenye Corolla 110 ninayoiendesha hapa Dar, na kwenye gari za ndugu na majirani wanaoniita niwaangalizie, mara nyingi pampu nimeikuta nzima, ila inameza hewa.

Kwanza hakikisha gari yako ina stelingi ya mafuta. Vitz, IST na Passo nyingi zinatumia mota ya umeme, hakuna mafuta ya kuongeza, na zikilia ugonjwa wake ni mwingine kabisa. Hapa nazungumzia Corolla za zamani, Carina, Mark II, Hilux na wenzao: zenye kikopo cha mafuta, pampu inayozungushwa na mkanda, mpira wa presha unaopeleka mafuta kwenye reki au boksi ya stelingi (chombo cha chini kinachogeuza matairi), na mpira wa kuyarudisha.

Anza na sikio. Mkanda uliolegea au kuchakaa hupiga ukelele mkali, hasa asubuhi ukiwasha, ukipita kwenye dimbwi, au ukikata usukani hadi mwisho. Nyunyiza maji kidogo juu yake injini ikiwa inaunguruma, mkono ukae mbali. Mlio ukibadilika papo hapo, kaza au badilisha mkanda. Pampu inayokosa mafuta au kumeza hewa yenyewe huvuma kwa sauti nzito, inayopanda ukikanyaga mafuta na kuzidi unapopaki.

Kisha fungua kifuniko cha kikopo injini ikiwa imewashwa, uchungulie ndani. Mafuta mazuri ni mekundu na maangavu, unaweza kuona chini. Ukikuta povu la rangi ya waridi, au mafuta yamekuwa kama chai ya maziwa, kuna hewa inaingia mahali.

Corolla yangu ilikuwa hivyo: povu tele, kiwango hakishuki, na sakafuni hakuna hata tone. Fundi alishaanza kunitajia bei ya pampu. Lakini mpira unaotoka kwenye kikopo kushuka kwenye pampu hausukumi mafuta, unanyonya. Ukichakaa unaweza kuingiza hewa bila kuvujisha chochote. Niliubonyeza: katikati ulikuwa laini, ila pale klipu inapoubana ulikuwa mgumu kama ubao, na nilipoukunja nikaona nyufa nyembamba kama nywele. Tukaweka mpira mpya, klipu mpya, na oringi (pete ya mpira) kwenye kiungo cha pampu. Mvumo ukaisha. Ukienda kwenye maduka ya spea ya Gerezani kununua, sema wazi unataka mpira wa mafuta. Ule wa maji ya rejeta unafanana nao kwa macho, ila ukikaa na mafuta unavimba na kulainika.

Ukiwa umeshafika hapo, ondoa kikopo ukioshe kwa petroli. Vikopo vingi vya Toyota vina chujio dogo la wavu chini. Likijaa tope, pampu inavuma kwa kukosa mafuta ya kutosha, na hakuna anayelikumbuka kwa sababu halionekani ukiwa umefungua kifuniko tu. Kiache kikauke kabisa kabla ya kukirudisha.

Baada ya kufungua mpira wowote lazima utoe hewa, na hapa ndipo kazi nzuri inapoharibiwa kwa haraka. Pandisha matairi ya mbele kwa jeki, uweke stendi imara. Jaza mafuta. Injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani taratibu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, mwenzako akiangalia kikopo na kuongeza kinapopungua, mpaka mapovu yakome. Ndipo uwashe na kurudia. Likitokea povu, zima, usubiri litulie. Usiushikilie usukani mwisho wa kona kwa zaidi ya sekunde chache, maana hapo presha inafika kilele na mafuta yanapata moto sana.

Kuhusu mafuta yenyewe: Toyota nyingi za umri huu zinatumia ATF (mafuta ya gia ya otomatiki) ya daraja la Dexron II au III, na mara nyingi imeandikwa kwenye kifuniko. Honda ina mafuta yake maalumu, usiitilie ATF. Na mafuta ya breki usiyaweke humo hata kidogo, hata kama kijana wa kituo cha mafuta anakuhakikishia kwamba "yote ni hadiroliki". Yanaharibu sili zote (mipira midogo inayozuia mafuta yasivuje), kuanzia pampu mpaka reki.

Kama gari inavuja, usikisie. Osha eneo lote, likauke, tandaza kadibodi chini ya gari usiku kucha, asubuhi uangalie tone limeangukia wapi. Kumbuka gia ya otomatiki nayo ina mafuta mekundu, kwa hiyo rangi peke yake haitoshi, fuata unyevu kwenda juu mpaka unapoanzia. Mpira wa kurudishia ukivuja, klipu mpya mara nyingi inamaliza kazi. Wa presha ni habari nyingine, huo haushikiliwi na klipu ya kawaida wala kufungwa kwa gundi. Upeleke kwa wanaobana mipira ya hadiroliki kwa mashine au ununue mzima. Na usichelewe, kwa sababu mafuta hayo yakidondokea kwenye eksozi ya moto yanaweza kuwaka.

Reki nayo ina namna yake ya kuficha. Minya yale mabuti ya mpira yaliyofunika ncha zake huku na huku. Ukisikia mafuta yanacheza ndani, sili za reki zimekwisha. Kabla hujalipia sili mpya, vuta buti pembeni uangalie chuma kinachoteleza. Kwenye barabara zetu buti likichanika, vumbi na maji vinaingia, chuma kinapata kutu na vishimo, na sili mpya juu ya chuma cha namna hiyo haitadumu. Hapo tafuta reki nyingine. Nayo ikiwa ya used, vuta buti lake pale pale dukani kabla hujatoa hela. Ukishafunga, peleka gari ikapigwe alainimenti, yaani matairi yanyooshwe.

Kuna Toyota za miaka ya 80 na 90 ambazo pampu yake ina valvu ndogo yenye vimpira viwili vyembamba vinavyokwenda kwenye njia ya hewa ya injini, ili injini isizimike unapokata kona ukiwa umesimama. Valvu hiyo ikivuja ndani, injini inanyonya mafuta ya stelingi na kutoa moshi mweupe nyuma, huku chini kukiwa pakavu kabisa. Nimeona mtu akiambiwa avunje injini kwa moshi huo. Chomoa vimpira hivyo. Ukikuta ndani kuna mafuta mekundu, umeshampata mhalifu.

Zile dawa za kuziba uvujaji zinavimbisha sili kwa muda. Kwa gari unayotaka kuifikisha gereji, sawa. Kwa gari unayotaka kukaa nayo, mimi siweki.

Na kama umebadilisha mpira, umeosha kikopo, hewa imetoka, mkanda uko vizuri, na bado inavuma, basi kweli nunua pampu. Ya used izungushe kwa mkono: iende laini bila kukwaruza, na shafti isicheze. Linganisha puli na ya zamani, nyingine zinatofautiana mfereji wa mkanda. Halafu kabla ya kuifunga, chomoa mpira wa kurudishia, umwage mafuta yote ya zamani kwenye chupa, maana pampu iliyosagika huacha unga wa chuma, na unga huo ukibaki utaitafuna mpya pamoja na reki.