Chai si mahindi: majibu kwa wakulima wa chai

Safari hii nusu ya maswali yanahusu majivu, samadi na chokaa. Naanza na hayo, maana ndiyo yanayoua chai nyingi kabla haijachumwa hata mara moja.

*Nyamira: Miche yangu ina miaka miwili. Sehemu moja ya shamba, eneo la ukubwa wa nyumba, imegeuka njano na mingine imekufa. Pembeni yake chai inastawi. Niongeze mbolea gani?*

Usiongeze yoyote. Waulize wazee palikuwa na nini hapo. Mara nyingi jibu ni boma la zamani, zizi, jiko, au mahali palipochomwa visiki wakati wa kusafisha shamba. Majivu na samadi ya miaka mingi hupandisha pH (kipimo cha uchachu; ikipanda, uchachu umepungua), na chai inataka udongo wenye uchachu, pH 4.5 hadi 5.6. Ikizidi hapo, mizizi inashindwa kufyonza madini ya chuma na manganizi hata kama yamo tele ardhini, ndipo jani linakuwa njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Mbolea hairekebishi hilo.

Chukua udongo wa sentimita 15 za juu, na mwingine wa chini zaidi katika mfuko wake, upeleke maabara. pH ikiwa juu, watakuelekeza kiasi cha salfa au salfati ya alumini. Weka, subiri, pima tena, ndipo uzibe mapengo kwa miche mipya. Anayeziba mapengo kila msimu bila kupima anatupa pesa. Kama eneo lenyewe ni dogo, panda sukuma wiki hapo na uiache chai pembeni.

Na ninyi mnaoandaa mashamba mapya: msichome takataka ndani ya shamba la chai. Kangaga likiota lenyewe ni dalili njema ya uchachu, lakini halichukui nafasi ya kipimo.

*Njombe: Mbolea ya CAN inapatikana kwa bei nafuu. Naweza kuitumia?*

Hapana. CAN ina chokaa ndani yake, na chokaa hupandisha pH. Swali hili linarudi kila msimu, na jibu ni lile lile. Tumia NPK ya chai (naitrojeni, fosforasi na potasiamu), 25:5:5 au 26:5:5. Kwa chai iliyokomaa, mfuko wa kilo 50 unatosha mashina 700 kwa mwaka, yaani gramu 70 hivi kwa shina. Ukipanda kwa futi 4 kwa 2.5, ekari ina mashina yapatayo 4,350, kwa hiyo mifuko 6 na kidogo. Mwaga udongo ukiwa na unyevu na majani yakiwa makavu, utawanye chini ya kichaka chote. Ukiirundika shinani, inaunguza.

*Lushoto: Chai yangu imejaa maua meupe. Ni ugonjwa?*

Si ugonjwa. Mchai ni kamelia, ndugu wa yale maua ya bustani, na kuchanua ni kawaida yake. Lakini maua mengi shambani ni dalili ya dhiki: njaa, ukame, kuchelewa kuchuma, au kupita muda wa kupogoa. Chuma kila baada ya siku 7 hadi 14, majani mawili na chipukizi, kisha ukumbuke ulipogoa mwaka gani.

*Kericho: Vipandikizi vyangu vinaoza ndani ya nailoni, ingawa nafungua kila asubuhi kumwagilia.*

Umejieleza mwenyewe. Nailoni hufungwa ili unyevu ubaki ndani. Loweka viriba (mifuko midogo ya miche) vizuri kabla ya kuchomeka, funga kingo za nailoni kwa udongo, kisha kagua kila baada ya wiki 3 hivi. Maji ya kila siku huozesha.

Angalia na udongo wako. Sentimita 7 au 8 za juu ya kiriba ziwe udongo wa chini, usio na mboji wala samadi. Ukitumia udongo wa pH ya juu, kipandikizi hufanya kovu kubwa chini na hakitoi mizizi. Kata pingili yenye jani moja, na sentimita 3 hivi za kijiti chini ya jani, kwa wembe mkali na mkato wa mshazari. Usitumie ncha laini, wala kijiti kilichokwisha kuwa kigumu kama mti, wala tawi lenye maua. Tumbukiza vipandikizi majini papo hapo. Kivuli ni lazima. Nailoni ikipigwa na jua la mchana, vipandikizi vinapikwa. Na siku ya kupanda shambani, ondoa kiriba. Wapo wanaopanda nacho, kisha wanalaumu kitalu.

*Mufindi: Nimepogoa. Jirani anaomba matawi awe na kuni.*

Usimpe. Matawi hayo yana naitrojeni na potasiamu uliyonunua kwa pesa. Yafunike juu ya mashina yaliyokatwa, jua lisichome gome, kisha yaozee hapo hapo. Pogoa kila miaka 3 au 4, sentimita 5 juu ya mkato wa mwisho, na usipogoe wakati wa kiangazi kikali. Machipukizi yakirudi, sawazisha meza, yaani uso wa juu wa kichaka unaochumwa, sentimita 10 juu ya mkato.

*Nandi: Shina moja limekauka ghafla, sasa na la jirani.*

Bandua gome karibu na ardhi. Ukiona utando mweupe wenye harufu ya uyoga, ni kuvu wa mizizi aitwaye Armillaria, na hakuna dawa ya kunyunyiza. Ng'oa shina na mizizi yote, hata ya unene wa penseli, pamoja na mashina jirani yenye utando. Fuata mizizi hadi kisiki cha mti wa zamani; kwa kawaida kipo. Ukitaka kukata mti ndani ya chai, menya kwanza pete ya gome kuzunguka shina, uuache ukauke wenyewe kabla ya kuuangusha. Wanga wa mizizini ukiisha, kuvu anakosa chakula.

*Rungwe: Naweza kubebea majani mabichi katika mifuko ya nailoni?*

Hapana. Yanapata joto na kuwa mekundu kabla ya kufika kiwandani. Tumia tenga lenye nafasi za hewa, usishindilie, na uyafikishe siku ile ile.