"Break" si vunja kila mahali

SWALI: Natafsiri maandishi ya chini ya filamu za Kiingereza. Nikikuta "break" naandika vunja, na mara nyingi inakubali. Juzi mhariri alinirudishia "He broke my heart", ambayo niliandika "Alinivunja moyo". Kosa liko wapi, wakati kuvunja kupo na moyo upo?

JIBU: Mhariri yuko sahihi, ingawa angekupa na sababu. Kwetu, kumvunja mtu moyo ni kumkatisha tamaa. Mwalimu anayemwambia mtoto kwamba hesabu si saizi yake, huyo amemvunja moyo. Dada wa kwenye filamu yako hakukatishwa tamaa, ameachwa.

Hata ukiacha mafumbo, vunja haitoshi. Mwingereza ana kitenzi kimoja, sisi tunaangalia kitu chenyewe: kikombe kinavunjika, kamba inakatika, mkate unamegwa, redio inaharibika. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitafsiri maelekezo ya mashine ya kusaga, nikaandika "mkanda ukivunjika". Fundi aliyeyapitia akaniuliza, "Mkanda gani huo, wa mbao?"

Kwenye mafumbo, sheria, ahadi, rekodi na ukimya vinavunjwa bila shida. Alfajiri haivunjiki, inapambazuka. Anayesema "I'm broke" amefulia. Sauti ya kijana wa miaka 14 inakuwa nzito, lakini ya mama anayelia inakatika, na Kiingereza kinatumia "his voice broke", "her voice broke" kwa hali zote mbili, kwa hiyo itazame picha kabla hujaandika.

Mtego ninaouogopa zaidi ni wa Ramadhani. "He broke his fast at sunset" ni mtu aliyefuturu, au aliyefungua, magharibi ilipoingia. Ukiandika "alivunja saumu", mtazamaji wa Tanga au Mombasa ataelewa kwamba jamaa ameiharibu funga yake, na utakuwa umemtwisha dhambi mtu aliyekaa kwenye jamvi na tende yake mkononi. Hata "breakfast", ambayo ndani yake imo hiyo hiyo "break", sisi tunaiita kifungua kinywa: tunafungua, hatuvunji.

Ukigeuza upande, mambo ni yale yale. Msichana aliyevunja ungo, au watu wanaovunja jungu siku chache kabla ya mwezi kuandama, usiwapeleke kwenye "break". Mwingereza atadhani kuna vyombo vimeanguka jikoni.

Sasa sentensi yako. Kama anayesema ni mama mtu mzima, "Aliniumiza moyo" inatosha. Kama ni binti anayemsimulia shoga yake, na wasomaji wako wengi wako Dar, mimi ningeandika "Alinitenda". Ni neno moja tu, nafasi ya chini ya picha ni ndogo, na kila aliyewahi kutendwa atalielewa kabla halijapita.