Sensa ya Kilimo ya Amílcar Cabral Ilisaidiaje Vita?

SWALI: Nasikia Amílcar Cabral alikuwa bwana shamba kabla ya kuongoza ukombozi wa Guinea-Bissau. Je, sensa ya kilimo aliyoifanya ilimsaidia kweli vitani, au anapambwa tu kwa kuwa alishakufa?

JIBU: Ilimsaidia sana, ila si kwa sababu inayotajwa mara nyingi, kwamba alijua njia za msituni. Cabral alisomea kilimo Lisbon, mji mkuu wa Ureno iliyoitawala Guinea-Bissau, akarudi mwaka 1952 kufanya kazi kwenye shamba la majaribio la Pessubé, Bissau. Mwaka uliofuata alipewa sensa. Yeye na wenzake, akiwemo mkewe Maria Helena Rodrigues, walipita vijiji 356 na kukusanya takwimu za wakulima 2,248.

Jambo kubwa alilolibaini ni kwamba ardhi ilikuwa bado mikononi mwa wanavijiji, maana walowezi walikuwa wachache mno. Wito wa kurudishiwa ardhi, uliowasha moto Kenya, hapa usingemgusa mkulima. Unyonyaji ulipitia kodi na bei duni ya karanga. Ndiyo maana wahamasishaji wa PAIGC, chama cha ukombozi cha Cabral, waliofundwa Conakry katika nchi jirani ya Guinea, walianza kwa maswali: karanga unauza bei gani? Kodi unalipa kiasi gani? Nani anafaidika?

Alijua pia nani angejiunga mapema. Wabalanta, moja ya makabila ya huko, hawakuwa na machifu. Wafula, kabila jingine, walikuwa nao, na wengi wa machifu hao waliegemea Wareno. Vita vilipoanza Tite, upande wa kusini, Januari 1963, Wabalanta wa kusini walijitokeza kwa wingi.

Hao ndio mabingwa wa mpunga wa mikokoni, na kilimo hicho ni dhaifu kuliko watu wanavyodhani. Hujengwa tuta la tope kuzuia bahari, kisha mvua huachwa ioshe chumvi kwa misimu kadhaa. Bomu likipasua tuta, chumvi inarudi na kazi inaanza upya. Udongo huo ukikauka kupita kiasi, salfa yake hugeuka asidi na mpunga hufa. Wapiganaji walikula mpunga huo, kwa hiyo tuta lilikuwa na uzito sawa na bunduki. Baada ya mkutano wa PAIGC huko Cassacá, Februari 1964, chama kilifungua maduka ya wananchi, mkulima akabadilisha mchele kwa nguo na zana bila kumtegemea mfanyabiashara wa Kireno.

Ripoti ya sensa ilichapishwa kwa Kireno mwaka 1956. Ukiipata, anza na majedwali ya karanga na mpunga, uyalinganishe eneo kwa eneo.